Digrii Nne za Dola Tano

Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo pistoni inatakiwa ipande na kushuka, na cheche iruke kabla pistoni haijafika juu kabisa, mahali ambapo mafundi wetu wa bodaboda hupaita topu. Kwa Honda GX200 kiwanda kimeweka cheche iruke digrii 20 kabla ya topu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, digrii hizo 20 ni milisekunde 0.56. Ukiongeza nne, umenunua milisekunde 0.11. Mara ya kwanza nilipoiona bei ya bidhaa hiyo, kwenye risiti ya shemeji yangu, ilikuwa dola tano na senti kadhaa.

Alichonunua ni kii, kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachokaa kati ya krankshafti na flaiwili. Kii ya kawaida imenyooka. Ile ya digrii nne imekatwa kwa ngazi, sehemu ya juu ikasogezwa pembeni ya sehemu ya chini. Shafti ikiwa na kipenyo cha milimita 20, kusogea huko hakufiki hata milimita moja: ni 0.7 tu. Lakini flaiwili ndiyo iliyobeba sumaku, na sumaku ikipita mbele ya koili ndipo cheche inaporuka. Isogeze flaiwili mbele kiasi hicho na cheche itawahi kwa digrii nne. Huhitaji kukata waya wala kugusa kompyuta, maana injini yenyewe haina kompyuta wala betri.

Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa Bukoba, aliyemwoa dada yangu wakahamia karibu na Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mimi nilifika baadaye, na ujuzi niliokwenda nao ulikuwa wa pampu za maji. Kule Lushoto wakulima wa mboga wa mabondeni huvuta maji ya mto kwa injini ndogo za petroli zinazowashwa kwa kamba, na injini hizo zilinilisha miaka mingi. Basi siku shemeji alipofunua turubai gerejini kwake anionyeshe karti aliyomnunulia mwanawe, nilicheka. Ubavuni mwa kile kiti kimoja cha plastiki ilikaa pampu yangu ya Lushoto, imeondolewa pampu tu. Silinda moja, sentimita za ujazo 196, nakala ya Kichina ya Honda, kamba ubavuni na tangi juu.

"Mjomba, hiyo ni injini ya mashindano," mpwa wangu alinisahihisha, baada ya shikamoo.

"Marahaba. Mashindano ya kumwagilia kabichi."

Hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na sita, na katika umri huo mtu hataki kusikia habari za kabichi. Ila ukweli ni kwamba karti ilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1956 Art Ingels, fundi wa kampuni ya magari ya mbio ya Kurtis Kraft huko California, aliunga mabomba ya chuma, akaweka magurudumu madogo, akafunga injini ya West Bend iliyokusudiwa mashine za kukatia majani. Raha yake yote ilikuwa kwamba haikugharimu kitu. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, McCulloch, watengenezaji wa misumeno ya kukatia miti, walikuwa tayari wanauza injini za karti, na watu walikuwa wanazinunua mbili mbili. Tamaa ya kununua kasi ina umri karibu sawa na mchezo wenyewe.

Injini ya aina hii ikitoka kiwandani huwa na gavana, kifaa kinachoizuia isipande sana kupita mizunguko 3,600 hivi. Pampu haihitaji zaidi ya hapo. Kwenye gereji ya karti, gavana ndiyo kitu cha kwanza kung'olewa, na kuing'oa ni bure: unafungua kifuniko cha pembeni, unatoa gia moja ya plastiki, unaziba tundu. Hiyo bure niliiogopa mapema, kwa sababu ya hesabu. Nguvu inayotaka kuipasua flaiwili hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 3,600 hadi 6,500 mwendo haujafika hata mara mbili, lakini nguvu ile imepita mara tatu. Flaiwili ya kiwandani ni chuma cha kusubu, haikutengenezwa kwa mwendo huo, na kuna watu zimewapasukia. Vipande havina adabu. Dereva wa karti amekaa kando kabisa ya injini, bega lake la kulia karibu liiguse.

Kwa hiyo gavana ya bure inadai flaiwili ya aluminiamu iliyochongwa, dola mia na kitu. Konrodi ya kiwandani nayo haikuahidiwa mwendo huo, kwa hiyo konrodi mpya, dola hamsini, sitini. Juu ya mizunguko 5,000 na ushee springi za valvu zinashindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, kwa hiyo springi ngumu. Springi ngumu zinapinda vijiti vinavyosukuma valvu, kwa hiyo vijiti vigumu. Sasa injini inaweza kwenda lakini haipumui vya kutosha, kwa hiyo kabureta kubwa, bomba la moshi lililo wazi, kichujio kingine cha hewa. Na ukishafika huko, kamshafti ya zamani inakutazama kwa aibu.

Shemeji aliipita njia hiyo yote majira ya baridi, theluji ikiwa imefunga barabara na viwanja, akiagiza kipande kimoja kimoja kutoka kwenye vituo vya malori. Maboksi yalitangulia kufika nyumbani kabla yake. Dada yangu ndiye aliyepiga hesabu mwishoni, yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku na mambo ya dozi na vipimo hayampigi chenga.

"Injini mlinunua chini ya dola mia mbili," alisema. "Vifaa vyake vimekaribia mara tatu ya hapo. Na gari halina taa, halina mlango, halina hata kiti cha abiria. Niambieni nakaa wapi mimi."

Shemeji alijibu kwamba sehemu kubwa imekwisha, kimebaki kitu kidogo cha dola tano.

Inafaa nieleze kwa nini zile digrii nne zinavutia, maana si ulaghai. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauungui mara moja, unataka muda. Moto ukifikia kilele chake wakati pistoni imeshavuka topu kwa digrii 12 hadi 15 hivi, unaisukuma chini kwa nguvu zote. Injini ikiwa kwenye 3,600, digrii 20 zinaupa moto milisekunde 0.93 kabla ya topu. Kwenye 6,000 zinaupa 0.56 tu. Moto umenyang'anywa zaidi ya theluthi moja ya muda wake, kwa hiyo inaeleweka mtu akitaka kuuwasha mapema. Pikipiki nyingi za bodaboda hufanya hivyo zenyewe, kisanduku cha umeme kikiwahisha cheche kadiri mwendo unavyopanda. Injini yetu haina akili hiyo. Digrii ni zilezile ukiwa mwisho wa mstari ulionyooka na ukiwa umeinama unavuta kamba kuiwasha. Digrii zinazoifaa 6,000 haziufai mkono wako: unapovuta, injini ikiwa polepole, cheche inaruka mapema mno, moto unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, na kamba inakunyang'anya vidole. Mafundi husema injini inapiga teke.

Mwezi Aprili, hewa ikiwa bado nzito na baridi, ile karti ilikwenda vizuri sana. Sikuona ubaya kulikubali hilo. Teke lilikuwepo, mpwa alijifunza kuivuta kamba kwa pigo moja refu badala ya kuibembeleza, na kwenye uwanja wa klabu alianza kuwapita watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa wanampita yeye.

Joto la Julai lilipokuja mambo yakageuka. Karti ilikwenda mizunguko michache ya uwanja kisha nguvu ikaanza kushuka. Mpwa akiachia moto kabla ya kona, bomba lilipiga risasi. Jioni, mwanga ulipopungua, shingo ya bomba ilionekana nyekundu. Hapohapo, ukitaka kuiwasha tena ikiwa ya moto, kamba ilipiga teke kali kuliko ilivyowahi kupiga Aprili.

Uwanjani kila mtu alikuwa na ushauri, na karibu kila ushauri ulikuwa na bei. Mmoja alisema koili imechoka, kuna ya mashindano. Mwingine alisema ni kabureta, auze hiyo anunue kubwa zaidi. Wa tatu alisema petroli, na huyo angalau alikuwa na hoja. Petroli ya kawaida ya Marekani imeandikwa 87, namba ambayo ni wastani wa vipimo viwili. Nyumbani tunatumia kipimo kimoja tu, kile kinachotoa namba ya juu, kwa hiyo 87 yao inakaribia 91 yetu. Injini iliyowahishwa cheche hupenda namba kubwa zaidi, hasa siku za joto. Tulijaribu ya 93. Mlio mdogo wa kugonga niliokuwa nausikia ulipungua. Nguvu haikurudi.

Shemeji alikuwa ameshachagua koili kwenye simu. Nilimwomba asubiri, kwa sababu dalili zenyewe zilikuwa hazipatani. Teke la kamba ni dalili ya cheche inayowahi. Shingo nyekundu, risasi kwenye bomba na nguvu kushuka ni dalili za cheche inayochelewa: moto unafikia kilele pistoni ikiwa imeshashuka mno, unaendelea kuungua hadi valvu inafunguka, na joto lililotakiwa kusukuma magurudumu linaishia kuchoma bomba.

"Haiwezi kuwahi na kuchelewa kwa pamoja," nilimwambia.

"Shemeji, mimi nakufahamu wewe unavyokuja kwenye harusi," alijibu. "Inawezekana."

Tulianza na yasiyo na gharama. Plagi tuliipa nafasi ya milimita 0.7. Valvu, injini ikiwa ya baridi, 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa moshi. Kati ya koili na flaiwili, 0.4 kwa fila geji. Kabureta ilikuwa safi. Gasketi ya kichwa haikuvuja. Hakuna kati ya hayo lililokuwa mbali na kipimo, na hilo lilinipa moyo badala ya kunivunja, maana kila kilichotoka kwenye orodha kilikuwa pesa iliyobaki mfukoni.

Kisha tukaitafuta topu ya kweli. Watu wengi huingiza bisibisi kwenye tundu la plagi na kusema topu ndiyo hapo inaposimama. Si hapo. Karibu na topu pistoni hukaa karibu imetulia huku shafti ikizunguka digrii kadhaa, na bisibisi haiwezi kuona tofauti. Njia ya uhakika ni kuizuia pistoni isifike. Nilichukua plagi mbovu, nikaitoa kauri yake, nikafunga boliti ndani yake ikatokeza upande wa chini, nikaisaga ncha iwe butu. Unaifunga mahali pa plagi, unazungusha injini taratibu kwa mkono hadi pistoni iguse, unaweka alama. Unarudi kinyume hadi iguse tena, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo topu. Kifaa hicho kilitugharimu plagi ya kutupa.

Mwanachama mmoja wa klabu alituazima taa ya taimingi, ile yenye kibano cha kubana waya wa plagi. Kila cheche ikiruka, taa inamulika kufumba na kufumbua, na alama inayozunguka inaonekana kama imesimama. Karti haina betri, kwa hiyo taa tuliiunga kwenye betri ya gari la dada. Cheni tuliitoa. Mpwa alishika taa, akazungusha kitufe chake cha digrii hadi alama ya flaiwili ikalingana na alama ya topu, akasoma namba.

"Mjomba! Arobaini na nane!"

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona bomu. Shemeji akatoa simu tena. Lakini taa ile imetengenezwa kwa magari, na kwenye silinda ya gari la zamani cheche huruka mara moja katika kila mizunguko miwili ya shafti. Sumaku ya flaiwili haijui kama pistoni inabana mchanganyiko au inatoa moshi. Inapita kila mzunguko na cheche inaruka kila mzunguko, moja ya kazi na moja ya bure. Taa ikadhani kati ya cheche na cheche kuna digrii 720, kumbe ni 360, na ikaitangaza namba mara mbili ya ukweli. Arobaini na nane maana yake ishirini na nne. Ishirini za kiwanda, nne za kii. Alama ilisimama imara, haikutetereka hata tulipopandisha mwendo.

Kwa hiyo taimingi ilikuwa sahihi kabisa, na injini ilikuwa mgonjwa kabisa. Shemeji alibonyeza kuagiza koili, nikaisikia simu ikilia ting.

Usiku ule nililala nikiwaza ile alama. Ilisimama imara mno. Sumaku iko kwenye flaiwili. Alama tuliichora kwenye flaiwili. Koili haiendi popote. Kila sumaku ikifika kwenye koili, taa itamulika, na flaiwili itakuwa mahali palepale, hata kama shafti iliyo ndani yake imekwenda zake. Tulikuwa tumemfanya mtuhumiwa awe shahidi katika kesi yake mwenyewe. Taa haikuwa imetuambia pistoni iko wapi. Ilikuwa imetuambia flaiwili iko wapi, na flaiwili ingetoa jibu hilohilo hata ikilegea.

Asubuhi tulihamia upande wa pili wa injini, upande wa klachi. Hapo ncha ya shafti yenyewe inaonekana. Tulirudia kutafuta topu kwa ile plagi yenye boliti, tukachora mstari kwenye ncha ya shafti kwa wino mweupe wa kufutia makosa ya kuandika, tukapinda waya uwe mshale. Mpwa akamulika.

Mstari ulicheza. Akipandisha moto, ulihama upande mmoja. Akiachia, ulirudi na kupita. Haukuwa mchezo mkubwa, ila ulitosha kueleza kila kitu: cheche ilikuwa inawahi na kuchelewa, kwa zamu, kulingana na kama shafti inaivuta flaiwili au flaiwili inaisukuma shafti. Shemeji aliitazama alama, akanitazama mimi, akasema kwamba mambo ya harusi anayafuta.

Tulipofungua flaiwili, ile kii ya ngazi ilikuwa imekatika nusu, pale kwenye ngazi. Hapo ndipo mabishano halisi yalipoanza. Kwa shemeji jambo lilikuwa wazi: kii dhaifu imekatika, anunue ya chuma kigumu. Kuna watu wengi kwenye mchezo huu wanaofikiri hivyo, na wapo wanaouza kii za chuma kigumu. Lakini kii haikuwekwa pale ishike. Kazi yake ni kuonyesha mahali wakati unafunga, basi. Kinachoshika ni mwinamo wa shafti: ncha yake imechongwa ikapungua kidogo kidogo kuelekea nje, na tundu la flaiwili limechongwa hivyohivyo, na nati inapokazwa nyuso hizo mbili zinabanana hadi zinakuwa kama chuma kimoja. Kii ikikatika, imekatika kwa sababu imebebeshwa kazi isiyo yake. Ukiweka ngumu zaidi, itakayoliwa ni njia yake kwenye shafti, na shafti si ya dola tano.

Nilichora mistari ya wino wa kalamu nene kuzunguka ncha ya shafti, nikaiingiza flaiwili kavu, nikaizungusha kidogo kwa mkono, nikaitoa. Kama nyuso zinagusana sawasawa, wino unafutika kote. Wetu ulifutika kwenye ukanda mwembamba upande wa ndani tu, na sehemu yote iliyobaki ulikuwa umekaa kama ulivyochorwa. Flaiwili ile nzuri, iliyong'aa, iliyonunuliwa ghali kuliko vyote, ilikuwa imeshika shafti kwa upana wa utepe. Sijui ilichongwa hivyo au shafti ya nakala ndiyo iliyotofautiana, na haidhuru. Vitu viwili vya viwanda viwili vilikutanishwa na hakuna aliyeviuliza kama vinapatana.

Dawa yake ni ya kizamani, ileile ya kusagia valvu: uji wa mchanga laini. Unapaka kidogo, unasaga flaiwili juu ya shafti kwa mkono, nusu mzunguko huku na nusu kule, unafuta, unapaka wino, unapima tena. Mpwa ndiye aliyeifanya kazi hiyo, kwa uvumilivu ambao sikuujua anao. Wino ulipofutika kote, tukaosha nyuso zote mbili na kuzikausha kabisa. Hapa watu hupaka oili kwa nia njema, na oili ndiyo inayoiachia flaiwili iteleze. Nati ilikazwa kwa spana yenye kipimo, newtoni-mita 75 kama kitabu cha Honda kinavyotaka, badala ya kukazwa kwa hasira. Kii tuliyorudisha ilikuwa ya kiwandani, iliyonyooka. Uji wa kusagia na kii mpya havikufika dola kumi na tano. Koili ya mashindano ilifika siku chache baadaye, na ilikuwa kwenye boksi lake mara ya mwisho nilipoiona.

Nguvu ilirudi siku hiyohiyo, na shingo ya bomba ikabaki na rangi yake jioni nzima. Baadaye, kwa kuwa mpwa alisisitiza, tulifunga tena kii mpya ya digrii nne, safari hii kwenye mwinamo ulioshika, tukalinganisha. Digrii nne zilikuwepo, siwezi kuzikataa. Saa ilizionyesha mwishoni mwa mstari mrefu. Lakini zilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya siku mpwa aliyolala vizuri na siku aliyokesha na simu. Na teke la kamba lilirudi nazo.

Karti za mapigo mawili nilizozikuta kwenye gereji za jirani zina sheria zake. Yamaha KT100, injini ya kizamani ambayo bado inapendwa, taimingi yake husomwa kwa milimita za pistoni badala ya digrii, kwa geji ya saa iliyofungwa kwenye tundu la plagi, na ubaya wa injini za namna hiyo ni kwamba kosa dogo huweza kutoboa kichwa cha pistoni kabla hujamaliza kujiuliza mlio ule ni wa nini. Wenye nazo huwa wapimaji wazuri. Wameadhibiwa wakafundishika.

Kuhusu pesa, sitaki nieleweke kwamba namlaumu shemeji kwa kununua. Aliyeng'oa gavana analazimika kununua flaiwili na konrodi, na kumwambia asubiri ni kumwambia ahatarishe mbavu za mtoto. Ninachobishana naye ni mpangilio. Spana yenye kipimo, fila geji na taa ya taimingi vyote pamoja havizidi bei ya flaiwili moja, na vilikuja mwisho, baada ya kabureta kubwa. Aliyekuwa navyo tangu mwanzo angejua mwinamo haushiki wiki ileile flaiwili ilipofika.

Mwaka uliofuata mpwa alihamia daraja la Briggs & Stratton 206. Kampuni hiyo ni ya hapohapo Milwaukee tangu 1908, na injini hii yake imefungwa kwa sili kiwandani. Ina sentimita za ujazo 204, inazuiwa na koili yake yenyewe isipite mizunguko 6,100, na kii lazima iwe ya kiwandani. Watoto na watu wazima hutumia injini ileile. Wadogo huwekewa kizuizi kwenye kabureta. Bei yake ilikaribiana na kile ambacho shemeji alikuwa ameshakitumia kwenye nakala na vifaa vyake. Hakuna kamshafti ya kununua, hakuna springi, hakuna digrii. Dada alifurahi sana aliposikia neno sili.

Alifurahi mapema. Karti inataka matairi, na seti ya matairi ya mashindano inaweza kupita dola 200. Kuna ada ya kila shindano. Kuna oili, cheni, na breki zinazoisha. Na kwa kuwa injini za wote ni sawa, ushindi umehamia kwenye vitu ambavyo havina sili: shinikizo la upepo kwenye matairi, upana wa ekseli ya nyuma, na idadi ya meno ya sproketi. Mpwa anaamini meno 60 yanatosha uwanja wetu. Mimi nasema 62, kwa sababu ya ile kona ya pili inayopanda. Shemeji hakutaka ugomvi ndani ya nyumba. Amenunua ya 58, 59, 60, 61, 62 na 63.